Safari ya Sauti

Mtu asafiriye hupenda kusikia sauti. Njia ndefu ikiwa kimya huzidi kuwa ndefu, na mzigo mzito huzidi kuwa mzito. Lakini wimbo, habari au neno la mwenzi huufanya mwendo uwe mwepesi. Ndiyo maana mabaharia waliimba wakitweka tanga, wapagazi waliimba wakichukua mizigo kutoka bara mpaka pwani, na wachunga ngamia huimba wakinywesha wanyama wao visimani. Kila zama imekuwa na chombo chake cha safari, na watu wa kila zama wametafuta namna ya kuipakia sauti katika chombo hicho.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, chombo cha safari za leo ni pikipiki. Msomaji akisimama kando ya njia ya vumbi iendayo Diff, katika Kaskazini Mashariki ya Kenya, huenda akaona pikipiki ikija mbio, spika mbili zimefungwa penye usukani, na wimbo wa Kisomali unatangulia mbele ya vumbi lake. Vijana hulihesabu jambo hilo kuwa jipya kabisa. Wazee wengine hulihesabu kuwa upuuzi mtupu. Pande zote mbili zimekosea kidogo, kwa sababu spika zile ni mwisho wa safari ndefu, na safari hiyo ina mafunzo yafaayo kujulikana.

Insha hii yakusudia kuisimulia safari hiyo, na kujibu swali moja: je, sauti ya msafiri huboreshwa kwa njia gani? Wengi hujibu upesi kwamba huboreshwa kwa kuongezwa nguvu. Historia hutoa jibu jingine.

Diff ni mji mdogo wa Kaunti ya Wajir. Uko kusini-mashariki ya mji wa Wajir, mpakani mwa Kenya na Somalia. Mpaka huo haukufuata mto wala mlima. Kwa mkataba wa mwaka 1924 Uingereza ilikubali kuipa Italia nchi ya Jubaland, ambayo hapo awali ilikuwa sehemu ya Kenya, na mwaka 1925 nchi hiyo ikakabidhiwa. Ukapigwa mstari mrefu kutoka kaskazini kwenda kusini, karibu sana na longitudo ya nyuzi 41 mashariki, ukawaacha watu wa lugha moja, dini moja na malisho mamoja chini ya dola mbili. Ngamia hawakuusoma mkataba huo. Mvua iliponyesha ng'ambo walivuka, na malisho yalipokauka walirudi. Sauti nayo haikuusoma, kama tutakavyoona.

Chombo cha kwanza cha sauti katika safari za nchi hiyo hakikuwa cha umeme. Kilikuwa kengele ya mti, ambayo Wasomali huiita koor, iliyochongwa na kufungwa shingoni mwa ngamia. Sauti yake ni nene na ya upole, wala haivumi mbali kama kengele ya shaba. Hata hivyo huifanya kazi yake barabara. Usiku, katikati ya vichaka vya miiba, mchungaji huisikia akajua ngamia wake yuko wapi, na kama ametulia au anatembea. Fundi aliyeichonga hakutaka dunia nzima iisikie. Alitaka isikiwe na mtu mmoja, yule aliyeihitaji. Tuishike kengele hii katika mawazo yetu, maana tutairudia.

Pamoja na kengele yalisafiri mashairi. Lugha ya Kisomali ilikaa karne nyingi bila maandishi yaliyokubaliwa na watu wote, na kwa hiyo mashairi yalihifadhiwa vichwani. Shairi la Kisomali la mtindo wa kale hufuata sheria kali: sauti moja ya mwanzo wa neno hurudiwa katika kila mstari tangu mwanzo hata mwisho. Sheria hiyo ilikuwa pambo, na tena ilikuwa kufuli, kwa kuwa mkariri aliyepotewa na neno aliweza kulitafuta kwa kuifuata sauti yake. Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyepigana na wakoloni katika nchi ya Wasomali kwa muda wa miaka 20 hivi, mpaka mwaka 1920, alikuwa mshairi mkubwa pia. Walikuwapo watu waliokuwa na kazi ya kuyahifadhi mashairi yake na kuyapeleka mbali, kisima hata kisima. Watu hao walikuwa redio za zama zao. Msikilizaji aliipokea sauti kutoka kinywani mwa mtu aliyekaa karibu naye, katika lugha yake, naye aliweza kuuliza asipofahamu.

Baadaye yakaja malori, na malori nayo yalizaa sauti yao. Katika miaka ya 1940 palikuwa na dereva wa lori katika nchi ya Wasomali wa kaskazini, jina lake Abdi Sinimo. Husimuliwa kwamba siku moja lori lake liliharibika njiani mahali pasipokuwa na msaada, na katika dhiki ile akatunga ubeti mfupi wa wimbo. Nyimbo za namna hiyo, ziitwazo balwo, zilienea upesi, na kutoka kwazo ukatokea muziki wa Kisomali wa kisasa. Huenda masimulizi hayo yameongezwa chumvi, kama ilivyo desturi ya masimulizi. Lakini hayakosi maana: wimbo mpya ulizaliwa barabarani, pembeni mwa injini iliyokufa, kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusafiri. Tangu hapo gari na wimbo havikuachana katika nchi hiyo.

Sasa tuje kwenye redio. Matangazo ya redio yalianza Kenya mwaka 1928. Yalikuwa kwa Kiingereza, nayo yalikusudiwa walowezi. Redio za siku zile zilikuwa na taa za kioo ndani yake, zinazofanana na balbu. Kila taa ilipaswa kupashwa moto kabla ya kufanya kazi, na moto huo ulikula umeme mwingi. Redio namna hiyo ilihitaji nyumba yenye umeme, au betri kubwa na nzito. Haikuwa mali ya mchunga ngamia. Hata kama angepewa bure, angeibeba wapi, na angesikiliza nini? Lugha yake haikuwamo.

Jitihada za kumfikia msikilizaji wa kawaida zilionekana kwanza mahali pengine. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, afisa wa habari aitwaye Harry Franklin aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ndogo ya betri ambayo mtu wa kipato kidogo angeweza kuinunua. Bei yake ilikuwa pauni 5. Kifuniko chake kiliundwa kwa sufuria isiyotiwa mpini, na kwa ajili hiyo watu wakaiita redio ya sufuria. Kwa nguvu, redio kubwa za mabwana ziliishinda. Kilichoipa sifa ni kwamba iliingia katika kibanda cha mtu na kusema lugha yake.

Katika nchi za Wasomali mambo yalikwenda vivyo hivyo. Stesheni ndogo ilianza Hargeisa mwaka 1943. Redio Mogadishu ilianza mwaka 1951, na mwaka 1957 BBC ya London ikaanza kutangaza kwa Kisomali. Matangazo yalikuwapo, basi, na lugha ilikuwamo. Kilichosalia ni chombo chepesi cha kuyapokea. Chombo hicho kilikuwa kikiandaliwa mbali sana. Mnamo Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, wataalamu walitengeneza transista. Nayo ni kitu kidogo kuliko ukucha, kifanyacho kazi ya ile taa ya kioo bila kupashwa moto. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1956. Mwaka 1954 ikauzwa redio ya kwanza ya transista ya mfukoni, Regency TR-1, yenye transista nne tu.

Msomaji asilipite jambo hili upesi, kwa kuwa hapa ndipo ulipo mlango wa habari yetu yote. Transista haikuifanya redio ipige kelele zaidi. Redio ya mfukoni ilikuwa na sauti nyembamba, dhaifu kuliko ya redio ya sebuleni. Faida yake ilikuwa kupunguza njaa ya umeme, na njaa ilipopungua, betri ndogo ilitosha. Na betri ndogo ilipotosha, sauti iliweza kupanda ngamia. Katika miaka ya 1960 redio za transista zilienea Afrika nzima, na wafugaji waliokuwa mbali na kila waya wa umeme wakaanza kusikia habari za siku ileile.

Kwa watu wa mpakani habari hizo hazikuwa za burudani peke yake. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960, na bendera yake ilikuwa na nyota ya pembe tano, kila pembe ikiwakilisha nchi moja ya Wasomali. Pembe mojawapo ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ya Kenya. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume kuuliza maoni ya wakazi, na tume ikaona kwamba Wasomali wengi wa wilaya hiyo walitaka kuungana na Somalia. Hata hivyo, mwaka 1963 Uingereza iliamua kuwa eneo hilo libaki Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza, na Kenya ilipokwisha kupata uhuru, mnamo Desemba mwaka huohuo, hali ya hatari ikatangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Vita vilivyofuata, ambavyo wengi huviita vita vya shifta, viliwaletea wakazi taabu kubwa. Watu waliuawa, ngamia wakapotea, na wafugaji wengi wakalazimishwa kukaa katika vijiji vilivyolindwa.

Katika vita hivyo mawimbi ya redio yalikuwa uwanja wa pili wa mapigano. Mogadishu ilitangaza kwa Kisomali na hata kwa Kiswahili. Nairobi nayo, ambako Sauti ya Kenya ilianza kuitwa kwa jina hilo mwaka 1964, ilijibu kwa Kisomali vilevile. Hapo serikali zote mbili zilitambua jambo ambalo mkariri wa mashairi alilijua zamani: mtu humsikiliza yule anayesema naye kwa lugha yake. Matangazo ya Kiingereza, hata yakirushwa kwa mtambo wenye nguvu za namna gani, yalipita juu ya kichwa cha mchungaji kama ndege asiyetua. Basi Nairobi ililazimika kusogea karibu kwa lugha ili isikiwe. Vita vilitulizwa kwa makubaliano yaliyofikiwa Arusha mnamo Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi.

Hata hapo bado kulikuwa na upungufu mmoja. Redio ni mdomo usio na masikio: husema, wala haisikii. Mtu wa Diff aliweza kuisikia Mogadishu, London na Nairobi, lakini miji hiyo haikuweza kumsikia yeye. Upungufu huo ulipunguzwa na kaseti. Kampuni ya Philips ilionyesha kaseti yake ndogo mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 vinasa sauti vya kaseti vilifika madukani na katika malori. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuinasa sauti yake mwenyewe na kuipeleka safari bila kumwomba ruhusa mkubwa yeyote. Barua za sauti zilipelekwa kwa jamaa waliokuwa kazini Uarabuni. Mashairi yaliyokatazwa redioni yalipita mikononi. Kuanzia mwisho wa mwaka 1979 washairi wa Kisomali, wakianzishwa na Mohamed Hashi Dhama, aliyejulikana kwa jina la Gaarriye, walijibizana kwa mlolongo mrefu wa mashairi yenye kufuata herufi D, nao huitwa Deelley. Mashairi hayo yaliikosoa hali ya nchi, na yalienea kwa kaseti kutoka mji hata mji. Kisomali kilikwisha kupata maandishi rasmi mwaka 1972, lakini kaseti ilikwenda upesi kuliko kitabu, kwa sababu haikuhitaji msomaji; ilihitaji sikio tu.

Mpaka hapa tumeiona sauti ikipanda ngamia na lori. Imebaki pikipiki.

Kuiweka redio katika chombo chenye injini kulianza na motokaa. Mwaka 1930, huko Chicago, kampuni ya ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, ilitoa redio ya motokaa iliyoitwa Motorola. Haikuwa kazi rahisi. Cheche za injini zilileta mikwaruzo katika sauti, na mafundi walipaswa kuzifunika nyaya na kuzichuja kelele hizo. Pikipiki ilikuwa ngumu zaidi: haina paa wala milango, hutikisika, hunyeshewa, na umeme wake ni mdogo. Kwa hiyo ilikawia. Honda ilitoa pikipiki yake kubwa ya safari ndefu, Gold Wing, mwaka 1975, na katika miaka ya 1980 pikipiki za namna hiyo zilianza kutoka kiwandani zikiwa na kioo kipana cha kukinga upepo, masanduku ya mizigo, na redio yenye spika mbele ya mpandaji. Hizo zilikuwa pikipiki za matajiri, na barabara zake zilikuwa za lami.

Kwetu pikipiki ilifika kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1960, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, watu walianza kuchukua abiria kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na kutokana na neno la Kiingereza la mpaka likazaliwa jina la bodaboda. Baadaye baiskeli ikaiachia pikipiki nafasi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini isiyofikia sentimita za ujazo 250, na baada ya hapo pikipiki ndogo za bei nafuu zikaenea mpaka pembe za mbali za nchi. Chombo kilichozaliwa katika mpaka wa magharibi kikaufikia mpaka wa mashariki. Mwendeshaji akaona kwamba njia ni ndefu na kwamba abiria hupenda wimbo, akafanya alilofanya kila msafiri kabla yake: akatafuta namna ya kuipakia sauti.

Sasa tumtazame kijana huyo na fundi wake, tuone historia yetu ikijirudia katika kazi ndogo ya mikono. Kijana anasema, "Mzee, nataka redio yangu isikike." Asiye fundi atamuuzia amplifaya kubwa. Fundi ajuaye kazi atamuuliza kwanza, "Isikike na nani?" Kisha ataeleza mambo matatu.

La kwanza ni umeme. Betri ya pikipiki ndogo ni ya volti 12, na akiba yake huwa kiasi cha kutoa amperi 5 kwa muda wa saa moja. Amplifaya itakayokula wati 60 huvuta amperi 5 kutoka katika betri hiyo. Injini ikiwa imezimwa, na kijana akikaa chini ya mti anapiga muziki, betri itakwisha kabla ya saa moja kutimia, na pikipiki ya kuwashwa kwa kitufe itakataa kuwaka. Mahali penye watu wengi huo ni usumbufu. Katika njia isiyo na maji wala kivuli, yaweza kuwa hatari. Kwa hiyo fundi huchagua amplifaya za siku hizi ambazo hazipotezi umeme mwingi kwa joto, na huweka fyuzi karibu na betri, ili waya ukikwaruzwa usije ukawaka moto. Hii ndiyo hekima ya transista: kupunguza njaa kwanza.

La pili ni hesabu ya sikio. Watu hudhani kwamba wati mara mbili ni sauti mara mbili. Sivyo. Nguvu ya umeme ikiongezwa mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na sikio hulitambua badiliko hilo kidogo. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa maradufu, hutakiwa desibeli 10 hivi, na hizo zahitaji umeme mara kumi. Lakini spika ikisogezwa mpaka nusu ya umbali wake wa kwanza, mahali pa wazi, nguvu ya sauti ifikayo sikioni huwa mara nne, bila kuongezwa hata wati moja. Fundi akizihamisha spika kutoka nyuma ya kiti na kuziweka penye usukani, zikielekea usoni mwa mwendeshaji, amefanya kazi kubwa kwa mabano mawili na skrubu nne.

La tatu ni upepo. Pikipiki ikienda mwendo wa taratibu, kelele kubwa ni ya injini. Ikienda mbio barabarani, kelele za upepo masikioni huzishinda za injini, na katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa hukaribia desibeli 100 ndani ya helmeti. Mtu anayeongeza sauti ili aushinde upepo huo anajiongezea madhara. Wataalamu wa afya ya kazi hushauri kwamba sikio lisikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba muda huo hupunguzwa kwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka; kwa hesabu hiyo, kelele ya desibeli 100 hairuhusiwi zaidi ya dakika 15. Sikio lililoharibiwa kwa kelele haliponi. Basi dawa ni kuupunguza upepo kwa kioo na helmeti nzuri, na kupunguza mwendo. Ndipo sauti ndogo itatosha.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona uzi unaoyaunganisha masimulizi haya. Kengele ya ngamia, mkariri wa mashairi, redio ya sufuria, transista, matangazo ya Kisomali, kaseti, na spika iliyohamishiwa penye usukani: katika kila hatua sauti iliboreshwa kwa kusogezwa karibu. Mara nyingine ukaribu huo ulikuwa wa mahali, mara nyingine wa bei, mara nyingine wa lugha, na katika kaseti ulikuwa ukaribu wa msemaji mwenyewe, kwa kuwa msikilizaji aligeuka kuwa msemaji. Nguvu ilisaidia pale tu ilipotumikia ukaribu. Ilipotaka kutumikiwa, ilizaa kelele.

Na kelele ina dhuluma ndani yake. Spika zielekeapo nje humlazimisha mgonjwa aliyelala, mwalimu aliye darasani na mtu aliye katika sala kusikiliza wimbo ambao hawakuuchagua. Sheria ya Kenya imelitazama jambo hilo: kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinakataza kelele za kupita kiasi zenye kuwasumbua watu. Lakini kabla ya sheria ya serikali ipo sheria ya ujirani. Na kwa mwendeshaji mwenyewe kuna hasara nyingine. Katika njia ya porini sikio ni mlinzi: husikia honi ya lori lijalo katika vumbi, mlio wa mnyororo unaotaka kukatika, na sauti ya mtu anayeomba msaada. Aliyejaza masikio yake muziki amemfukuza mlinzi wake. Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Nasi twaweza kuongeza kwamba iwapo haivumi kupita kiasi, hudumu na hupendwa.

Kuna mtu atakayesema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba historia yapaswa kushughulika na wafalme, mikataba na vita. Lakini tumeona katika nchi hii jinsi mkataba ulivyopiga mstari juu ya ardhi, na jinsi sauti ilivyouvuka kila siku: katika kengele ya ngamia, katika shairi, katika mawimbi na katika kaseti. Serikali zilizotaka kuwatawala watu wa mpakani zilijifunza kwa gharama kubwa kwamba amri inayotoka mbali, kwa lugha ngeni, haisikiki hata ikipigiwa kelele. Laiti zingemwuliza yule mchongaji wa kengele tangu mwanzo, angewaambia bure.

Basi kijana mwenye pikipiki asidharauliwe kwa kupenda sauti njiani. Amerithi mapenzi hayo kwa watu wengi wa kabla yake. Aambiwe tu kwamba sauti bora ni ile inayomfikia anayeihitaji na kumwacha asiyeihitaji kwa amani. Azisogeze spika zake karibu, auzuie upepo, aifunge fyuzi yake vema, na akilikaribia kisima, ambapo watu wananywesha ngamia wao na kuimba, aizime redio kidogo asikilize. Huenda wimbo anaoupenda kuliko zote ulianzia mahali kama hapo.